Shairi la bahari lisikike, lisihesabiwe mizani tu

Mhariri,

Nikilipata gazeti lenu hapa Lamu, ukurasa wa mashairi ndio ninaoufungua kwanza. Tungo za kusi, ule upepo wa kusini, mnazochapa zina vina na mizani timamu, lakini sauti ya bahari yenyewe nyingi hazinayo.

Nitatunga mfano mwenyewe ili nisimvunjie mtu heshima: "Bahari imechafuka, upepo mkali sana." Hesabuni silabi, ni nane kwa nane. Hakuna kosa, ila ni taarifa tu. Sasa someni huu, tena kwa sauti: "Kusi lipigapo mwamba, wimbi hupasuka paa." Mizani ni ile ile 16, lakini midomo inabanwa na kuachiwa kwa kishindo: pi, po, mba, mbi, pa. Kisha irabu ya mwisho inavutika na kutandaa kama povu mchangani. Msomaji hakuambiwa popote kwamba wimbi lina nguvu. Amelipiga kwa kinywa chake.

Wazee walilijua hili. Tungo za bahari walizipa bahari yake, yaani aina yake, katika ushairi, wakaiita kimai. Wakulima wa Kibajuni nao wana vave, nyimbo zinazoimbwa usiku wa kuamkia kuchoma shamba lililofyekwa, na vave haisomwi kimyakimya. Marehemu baba yangu, baharia wa Matondoni, hakulijua neno takriri, yaani urudiaji wa sauti au maneno. Lakini akighani ubeti wa tufani, ile "vu" ya "kuvuma" aliivuta kifuani mpaka sisi watoto tukajikunyata mkekani.

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na hapa ndipo panaponiuma. Darasani tunamtaka mwanafunzi ataje tanakali za sauti, aonyeshe inkisari, yaani neno lililofupishwa, iko mshororo upi, apate alama zake. Ni nadra kumwambia asimame alighani. Mtoto wa Shela, aliyezaliwa akisikia mawimbi ya kusi yakivunjika ufuoni, anajibu swali la shairi la dhoruba kwa kalamu tupu!

Ombi langu ni hili. Shairi la mvua, upepo au bahari likifika mezani kwenu, mtu mmoja hapo ofisini alighani lote kabla halijachapwa. Likimkalia kinywani bila kishindo, mrudishieni mtunzi alifue upya. Na watunzi wa Pate na Faza watafuteni kwa simu, kwani wengi wao hawatumi barua pepe.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu