Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Nilizaliwa wakati wa El Nino

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Shikamoo.

Mimi ni binti wa Kibarabaig, mwanafunzi wa udaktari mwaka wa tano hapa Dar es Salaam. Sisi ni tawi la Wadatoga, wale ambao wengi huwaita Wamang'ati. Jina hilo tulipewa na Wamasai, maana yake maadui, na nimeitwa hivyo tangu darasa la kwanza mpaka wodini, mara nyingi na watu wasiojua wanasema nini.

Nakuandikia kwa sababu ya karatasi moja: cheti cha kuzaliwa.

Baba ni mfugaji. Nilizaliwa chini ya mlima Hanang wakati wa mvua za El Nino. Tarehe hakuna anayeijua. Bibi ndiye aliyemzalisha mama, na bibi hakuwa na kalenda. Malisho yalipobana tukashuka bonde la Usangu, Mbeya. Mwaka 2006 wafugaji wakaanza kuondolewa Usangu, nasi tukaswaga ng'ombe hadi Kilwa. Darasa la kwanza nilianza nikiwa na miaka tisa hivi, Kiswahili changu cha kuokotaokota. Nilipofika sekondari nikakuta Kiingereza, lugha yangu ya tatu, wakati wenzangu wanalalamikia ya pili. Yote hayo niliyamudu.

Mwaka 2020 matokeo ya Kidato cha Sita yalitoka, PCB yangu (Fizikia, Kemia na Biolojia) ikakaa vizuri, nikapata nafasi ya udaktari. Bila mkopo, nafasi hiyo kwangu ilikuwa picha ya ukutani. Na mkopo unataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, pamoja na sahihi ya serikali ya mahali unapoishi. Mpango wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka mitano ulianza Mbeya mwaka 2013. Mimi mwaka huo nilikuwa darasa la saba.

Nikaenda kwenye ofisi moja, sitaitaja. Dada wa dirishani akauliza, "Ulizaliwa hospitali gani?" Nikasema nyumbani. "Nyumbani wapi?" Nikaanza habari za boma na mvua. Akaandika neno moja kwa penseli, akalifuta, akanisukumia fomu. "Lete barua ya kijiji, mdogo wangu."

Kijiji kipi? Kule Hanang mtendaji wa kijiji alisema baba alishahama siku nyingi, hawezi kumwandikia mtu asiyekuwepo. Kilwa nikaambiwa sisi ni wakuja, hatumo kwenye daftari la wakazi. Nauli za mzunguko ule zilikula ndama mzima. Dirisha la maombi lilifungwa nikiwa kwenye basi.

Mwaka huo nikaosha sahani kwa mama lishe mmoja Mbagala. (Alinifundisha kusukuma chapati, hilo sijutii.) Cheti nilikipata mwaka uliofuata, baada ya mwalimu mkuu wangu wa shule ya msingi kusafiri mwenyewe na rejesta ya shule kwapani. Jina langu lilikuwa humo kwa kalamu ya bluu, na alama ya vema karibu kila siku kwa miaka saba. Mzee wa watu alilala kwenye benchi la stendi kwa ajili yangu.

Mheshimiwa, siombi nafasi maalumu kwa kabila langu. Baada ya sensa ya 1967 serikali haihesabu tena watu kwa makabila, na nadhani imefanya vyema. Naomba rejesta ile iheshimiwe. Mwalimu aliyemfundisha mtoto miaka saba anamfahamu kuliko mtendaji aliyehamia kijijini juzi. Sahihi yake itoshe pale ambapo familia inahamahama, na shughuli ya cheti ianze mtoto akiwa Kidato cha Tatu, isisubiri wiki za mwisho za maombi. Najua vyeti viko chini ya Wizara ya Katiba na Sheria, na shule ziko TAMISEMI, kwenye serikali za mitaa. Lakini Bodi ya Mikopo iko kwako, na nyote mko Dodoma.

Faida yake niliiona mwezi uliopita. Wodini aliletwa bibi, faili linasema tumbo, siku tatu. Kila alichoulizwa alijibu "ndiyo". Unaumwa hapa? Ndiyo. Umekula? Ndiyo. Una miaka ishirini? Nina hakika angejibu ndiyo. Nikaona makovu ya duara kuzunguka macho yake, kama ya bibi yangu, nikamsalimia kwa lugha yetu. Akanishika mkono, akautoa tumboni, akaupandisha taratibu hadi kifuani upande wa kushoto. Tukaanza kumpima upya.

Nimebakiza mtihani wa mwisho, kisha mwaka mmoja wa utarajali. Kwangu karatasi zimekwisha. Ila nina mdogo wangu wa kiume, yuko Kidato cha Tano, tahasusi ileile. Jumapili nilimpigia kumuuliza kama ameshapata cheti.

Akaniambia mzee amehama tena.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa udaktari, Dar es Salaam