Flati ya nini wakati mteja anaondoka na boti ya jioni?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu ile makala ya ukurasa wa teknolojia iliyowashauri vijana wenye kamera ndogo za kufunga kifuani na kwenye kofia, hizi GoPro na Osmo Action na ndugu zao, kwamba wapige kila kitu kwa profaili ya flati, yaani ile setingi inayotoa rangi zilizopauka, halafu rangi wataitengeneza baadaye. Mwandishi kaandika vizuri sikatai, na mengi aliyosema ni kweli, ila hilo neno "kila kitu" ndo limenikalisha chini niandike, maana mie kazi yangu kuediti video hapa Unguja na hiyo mizigo ya flati inaishia mezani kwangu. Vijana wa boti za Mnemba, waongozaji wa kile kisiwa cha mchanga cha Nakupenda, wapiga video wa harusi, wote siku hizi wamehamia flati, na ukiwauliza kwa nini wengi wao wanakwambia tu ndo ya kiprofesheno.

Kwanza tuwekane sawa. Ukiweka flati kamera haiongezewi macho. Sensa ni ile ile na mwanga inaouona ni ule ule, kinachobadilika ni jinsi kamera inavyoupanga kwenye faili. Ukiweka profaili za Vibrant au Natural kamera yenyewe inakoleza rangi, inaongeza kontrasti (tofauti ya mwanga na giza), inanoa kingo, inakukabidhi kitu kilichoiva. Ukiweka flati inainua giza kidogo, inashusha mwanga mkali, rangi zinapauka na video inakuwa ya kijivu kijivu kama imepigwa kwenye moshi. Ni unga wa chapati uliokandwa tu, haujaona kikaango. Na wazo lenyewe si jipya, negativu za filamu za sinema zilikuwa na kontrasti ndogo makusudi ili maabara wapate pa kuchezea wakati wa kuchapa, halafu miaka ya 1990 Kodak wakaja na mfumo wa Cineon uliohifadhi mwanga kwa hesabu za logi (logarithimu), na baadaye ARRI, Sony, Canon kila mmoja akatoa profaili yake ya logi kwa kamera za kidijitali. GoPro walipoleta Protune, setingi zao za kujipangia picha mwenyewe, mwaka 2012 ndo mambo haya yakashuka kutoka kwa watu wa sinema mpaka kwa mtu anayeendesha baiskeli na kamera kichwani.

Sasa penye shida ni hapa. Kamera nyingi ninazoziona mikononi mwa vijana wetu, hasa za mtumba, ni za biti 8. GoPro kuanzia HERO10 kurudi nyuma zote ni biti 8, biti 10 imekuja na HERO11 mwaka 2022, na hata humo lazima uingie kwenye setingi uichague mwenyewe. Mwaka 2023 DJI wakatoa Osmo Action 4 yenye logi yake ya D-Log M ya biti 10, na mwaka huo huo HERO12 ikaja na logi yake ya GP-Log. Biti 8 maana yake kila rangi ya msingi, nyekundu, kijani na buluu, ina ngazi 256 kutoka giza mpaka mwanga, biti 10 ina ngazi 1,024. Flati inaibana picha yako yote ijikusanye katikati ya hizo ngazi, kwa hiyo wewe ukija kuitanua kwenye kompyuta ngazi zinaachana, na pale anga la Nungwi jioni lilipotakiwa kushuka taratibu kutoka machungwa kwenda zambarau unaona mistari mistari kama ramani ya vilima. Mteja hajui biti wala nini, anajua tu anga lake limekatika katika.

Chini ya maji ndo balaa zaidi, na hapa vijana wengi wamedanganywa kabisa. Maji yanakula rangi nyekundu kwanza, ukishuka mita tano tu sehemu kubwa ya nyekundu imeshaondoka, ukifika mita kumi imebaki buluu na kijani. Flati hairudishi kisichokuwepo. Kama nyekundu yote ya samaki na matumbawe imejibana kwenye ngazi tuseme ishirini kati ya zile 256, mie nikivuta nyekundu ipande napata chenga nyekundu zinazorukaruka kwenye picha nzima, samaki anaonekana ana surua. Dawa ya maji ni filta nyekundu mbele ya lenzi kama mnashuka chini, au taa kama mnayo, na kama mnaogelea juu juu tu na snoka basi jua lenyewe linatosha. Na jamani hiyo waiti balansi ya otomatiki (kamera kujiamulia yenyewe weupe ni upi) izimeni mkitaka kuleta flati kwa mtu wa kuediti. Nimewahi kukaa na klipu moja ya kobe wa baharini, nzuri kweli kweli, kobe anapita pole pole mbele ya lenzi, ila kila akikaribia kamera inabadilisha mawazo, mwanzo maji ya buluu, katikati kijani cha bwawa, mwisho buluu tena, klipu ya sekunde kama ishirini nikawa naifuata rangi yake fremu kwa fremu. Waiti balansi ingekuwa imefungwa kwenye 5500K au Native kazi ingekuwa ya dakika mbili.

Halafu kuna jambo la ngozi, na hili naona makala haikuligusa kabisa. Ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa na watu wanaoteleza kwenye theluji na wenye nyuso nyeupe, wanasema shusha eksposha (kiasi cha mwanga kwenye picha), weka -0.5 au hata -1 ili weupe usiungue, giza utalinyanyua baadaye. Haya, mchukue kijana mweusi kama mie, mvishe kanzu nyeupe, msimamishe kwenye mchanga wa Nakupenda saa saba mchana. Kamera inaona weupe mtupu, inajaribu kuuleta kwenye wastani, yenyewe tu kwa otomatiki imeshatia giza, na wewe unamwongezea -1 juu yake. Kanzu imepona, ndiyo, nyuzi zote zinaonekana mpaka tarizi ya kifuani, ila uso wa bwana harusi uko chini kabisa kule kwenye ngazi za mwisho ambako sensa ndogo hizi (mpaka HERO10 ni za inchi 1/2.3, kadogo kuliko ukucha wa kidole gumba) zimejaa noizi, zile chenga chenga. Nikiunyanyua uso unatoka na vumbi vumbi la kijani na zambarau mashavuni, na ukitia dawa ya kuondoa noizi unageuka plastiki. Msimamo wangu ni huu na najua kuna watakaobisha: okoa uso, mchanga uungue kidogo. Hakuna bibi harusi aliyewahi kurudisha video kwa sababu mchanga ulikuwa mweupe mno.

Turudi kwenye swali ambalo kwangu mie ndo kubwa kuliko yote, nani atairekebisha hiyo rangi na lini? Mtalii anapanda boti asubuhi, anaogelea, anakula pweza na kamba wake pale kwenye mchanga, saa tisa amerudi mjini, jioni yuko bandarini au uwanja wa ndege. Muongozaji anampa klipu zote kwenye flashi au anamrushia kwenye simu hapo hapo. Kama zilipigwa flati huyo mgeni anafika kwao anafungua anakuta Zanzibar ya kijivu, bahari kama maji ya kuoshea vyombo, na hajui kwamba kuna kitu kinaitwa kugredi, yaani kuitengeneza rangi baadaye, anachojua ni kwamba kamera ya yule kijana ilikuwa mbovu. Huyo mpigie Natural, eksposha iwe sawa, mpe, mmalizane. Hivyo hivyo kwa klipu ya kurushwa WhatsApp usiku huo huo, maana WhatsApp nayo inaibana video mpaka ile tofauti uliyohangaikia haionekani tena.

Sijasema flati haina kazi. Nenda Forodhani wakati jua linazama, wale vijana wanaokimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani, mmoja anajipinda hewani nyuma yake jua lenyewe, mbele yake kundi la watu wamekaa kwenye kivuli wanamshangilia. Hapo ukipiga Vibrant unapata ama jua zuri na vijana weusi ti, ama vijana wanaonekana na anga limekuwa shuka nyeupe. Flati hapo inalipa, hasa ikiwa ya biti 10, kwa sababu mwanga na giza vyote viko kwenye fremu moja na huwezi kuhamisha jua. Ila ipigwe kwa adabu: waiti balansi imefungwa, ISO (kamera inavyojiongezea mwanga yenyewe) ya juu kabisa isizidi 400 wakati bado kuna mwanga, maana ukiiacha ipande itakavyo mpaka 1600 noizi inaingia kabla hujaanza hata kuediti, na ule unoaji wa kingo uwekwe Low kwa sababu kingo zikishanolewa ndani ya kamera hakuna wa kuzirudisha butu. Na bitreti, yaani data inayoandikwa kila sekunde, weka ya juu. Najua memori kadi ni ghali, kwa 120 Mbps dakika moja inakula karibu MB 900, lakini flati yenye bitreti ndogo ni hasara tupu, faili inatupa vitu vidogo vidogo vya kwenye giza ambavyo ndo hivyo hivyo ulitaka kuvitoa.

Na zile lati za kununua mtandaoni, zile faili za rangi za kubandika juu ya video ikageuka "sinema" kwa mbofyo mmoja, naomba nizisemee. Lati si uchawi, ni jedwali la hesabu tu, linasema rangi hii ikiingia hii itoke, na limetengenezwa kwa logi fulani ya kamera fulani. Lati ya S-Log ya Sony ukiibandika juu ya flati ya GoPro unapata nyuso za shaba na vivuli vya kijani, halafu kijana anasema kompyuta yake ina matatizo. GoPro wana lati yao ya GP-Log, DJI wana yao ya D-Log M, zote bure, zinakurudisha kwenye Rec.709 ambacho ndo kiwango cha rangi cha televisheni za HD, ukitoka hapo unaongeza chumvi yako mwenyewe. DaVinci Resolve, programu ya kuediti, nayo ina toleo la bure na ndani yake kuna skopu, grafu za kupimia rangi na mwanga, hebu acheni kuamini kioo cha laptopu peke yake, kwanza vingine vina ubuluu vingine manjano. Fungua vektaskopu, ile ya duara ya kupimia rangi, uangalie kuna mstari mmoja unaoegemea juu kushoto, ule ni wa ngozi za watu, na raha yake ni kwamba mweusi wa Kiwengwa na mweupe wa Oslo wote wanaangukia karibu na mstari huo huo kwa sababu chini ya ngozi damu ni ile ile, tunachotofautiana zaidi ni mwanga na ukolevu. Utenge uso peke yake, weka pale kwenye mstari, ndo uanze kuhangaika na bahari. Wengi wanaanza na bahari, wanaivuta iwe feruzi mpaka ing'ae, wakimaliza kila mtu kwenye boti ana homa ya manjano.

Kwa hiyo ombi langu kwako Mhariri, umwambie mwandishi wako aandike sehemu ya pili, na safari hii awakumbuke wenye HERO7 na HERO8 ambao simu zao ndo studio yao na CapCut, ile programu ya kuediti kwenye simu, ndo kompyuta yao, hao flati ya biti 8 inawatesa bure. Na wenye boti na mahoteli wanaoajiri vijana wa kupiga video, mkitaka flati basi mumlipe na mtu wa kuediti, msimpe kijana kazi mbili kwa posho moja ya siku.

Na nyinyi mnaoniletea kazi, mkileta flati andikeni hata kwa kalamu kwenye bahasha ya memori kadi, kamera gani, biti ngapi, waiti balansi ngapi, ilikuwa juu ya maji au chini. Bahasha zangu nyingi zimeandikwa "bro fanya haraka" tu.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi wa kuediti video,
Mwanakwerekwe, Unguja.