Mwanangu, mdomo wa mzee wa kilemba umefunguka

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hapa Nkuhungu. Sisi hatujambo, hofu ni kwako tu. Baba yako yuko Hombolo, anamsaidia shangazi yako kuchuma zabibu. Mdogo wako kaketi hapa ananimulikia kwa simu, maana umeme umekatika tangu magharibi.

Ulipopiga Jumapili ukasema gazeti limeacha kuchukua katuni zako bila hata kukueleza sababu, moyo uliniuma. Ukasema basi, magazeti yamekushinda, sasa unahamia moja kwa moja kwenye katuni za watoto za televisheni. Nilinyamaza kwa sababu mteja alikuwa anasubiri sare ya kwaya. Leo nina nafasi, na ninalo la kukuambia: hamia huko, lakini gazeti usiliache.

Yule mchora katuni wa Uingereza uliyenitajia, John Ryan, nilimwomba mdogo wako anitafutie habari zake anisomee polepole. Nimempenda. Kazaliwa Edinburgh mwaka 1921, akaenda vitani Burma, huko huko walikopelekwa askari wa KAR, lile jeshi la mkoloni Mwingereza, kutoka kwetu. Akarudi, akafundisha uchoraji katika shule ya Harrow. Mwaka 1950 akamchora Captain Pugwash katika jarida la watoto liitwalo Eagle. Nahodha wa maharamia, tumbo mbele, majigambo mengi, mwoga kupindukia, na kila mara anaokolewa na Tom, kijana mdogo wa melini. Jarida halikukaa naye sana. Mwanangu, hapo ndipo nilimwambia mdogo wako asome tena. Huyu naye aliwekwa kando! Lakini hakumtupa nahodha wake, na mwaka 1957 nahodha akatokea kwenye televisheni ya BBC.

Na alivyomfanya atembee ndiko kulikonikosesha usingizi. Wewe ulinieleza kwamba sekunde moja ya filamu ina picha 24, nikafikiri ni kama kushona shela kwa mkono, mshono baada ya mshono. Ryan hakupita njia hiyo. Alikata watu wake kwenye karatasi ngumu, akawapaka rangi, akawawekea vipande vya kuvuta kwa nyuma. Kamera inatazama, mikono inavuta, nahodha anazungumza. Mwanzoni vipindi vilirushwa moja kwa moja, hakuna kurudia.

Basi jana tukajaribu. Tulichukua boksi la sabuni, mdogo wako akachora mzee wa kilemba, nami nikamkata kwa mkasi ule wa zamani. Kidevu tulikikata peke yake. Tulipokifunga kwa uzi, tundu likachanika mara ya kwanza tu tulipovuta. Nikakumbuka tundu la kifungo. Nikabandika kipande cha kile kitambaa kigumu cha kola, nikatoboa upya, nikapitisha uzi na kuukaza na kifungo cha shati kwa nyuma. Kisha ukanda mwembamba wa boksi, umetokea chini. Mdogo wako akavuta, mdomo ukafunguka. Akavuta tena, akamsemea, "Shikamooni!" Watoto wa jirani wakajaa mlangoni hadi cherehani ikafunikwa. Kwa hiyo usiniambie tena kwamba kompyuta imekufa na kazi imesimama.

Sasa turudi kwenye gazeti. Ryan akiwa na televisheni yake yote hiyo, aliendelea kuchora katuni kwa gazeti la Catholic Herald, miaka kama 40. Nadhani najua kwa nini. Katuni ya gazeti ina kiboksi kimoja na siku ya kukabidhi, na msomaji yumo ndani ya daladala. Lazima mtu ajulikane kwa pua na namna anavyosimama. Huo ndio ukataji wa kitambaa. Ukikosea hapo, hata ushone vizuri namna gani, nguo haikai. Mtoto wa miaka minne naye hasubiri maelezo. Na tazama Gado, mchora katuni mzaliwa wa Dar aliyeanza kuchora kwenye gazeti la Nation kule Nairobi mwaka 1992. Alipoleta vikaragosi vyake kwenye televisheni mwaka 2009, kalamu ya gazeti hakuiweka chini.

Gazeti hilo halikukutendea haki, na sitakuambia usiumie. Ila magazeti si hilo moja. Chukua zile katuni za mgao wa maji, ndizo nzuri kuliko zote ulizowahi kuchora, upeleke kwingine.

Unakumbuka tulivyokupeleka Kolo, kwenye ile michoro ya kale ya miambani, ukiwa darasa la tano? Wenzako walikuwa wanatafuta kivuli. Wewe ulisimama mbele ya yule mtu mwekundu, mrefu na mwembamba, pale kwenye mwamba, ukaniuliza, "Mama, huyu anaenda wapi?" Sikukujibu. Nilikuvuta mkono kwa sababu gari lilikuwa linapiga honi, na hadi leo najuta kukuharakisha.

Ijumaa nitampa kondakta wa basi la asubuhi boksi, ukalipokee stendi ya Magufuli. Ndani yumo mzee wa kilemba, kitambaa cha kola, vifungo 30 na unga wa ubuyu. Mdogo wako anataka umchoree Tom wa kwetu, mtoto wa Kigogo mwenye zeze, halafu umrudishie yeye amkate. Kidevu kichore peke yake, usisahau.

Mimi mama yako,
Nkuhungu, Dodoma