Meseji ya kawaida bado ina kazi, shule zisiitupe

Ndugu Mhariri,

Shule, SACCO na zahanati nyingi hapa Uganda zimehamishia matangazo yao kwenye makundi ya WhatsApp. Tarehe ya karo, mkutano wa wanachama, siku ya chanjo, yote yamo humo. Sina ugomvi na WhatsApp, kwani picha ya risiti huwezi kuituma kwa meseji ya kawaida. Kosa ni kuifunga kabisa njia ya zamani.

Meseji ya kawaida haihitaji bando. Hupita kwenye njia ile ile ambayo mnara hutumia kuijulisha simu kwamba inapigiwa, kwa hiyo hata 2G, mtandao wa zamani, inatosha. Ukiwa umezima simu, kampuni ya simu huutunza ujumbe na kuujaribu tena. WhatsApp nayo huutunza ujumbe usiofika kwa siku 30, ila ni lazima mpokeaji awe na simu janja yenye data, na data yenyewe hutozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, ilipoondolewa ile kodi ya shilingi 200 kwa siku. Mzazi mwenye kitochi hayumo kabisa. Aliyemo naye, ukiona tiki moja ya kijivu, yaani ujumbe haujamfikia, hujui kama simu imezimwa, bando limekwisha au amekuzuia. Tena Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, makundi yote yalinyamaza kwa pamoja.

Wahasibu wa shule hulalamika kwamba meseji ni ghali. Mara nyingi wanazifanya ghali wenyewe bila kujua. Meseji moja hubeba baiti 140, yaani biti 1,120 (biti ni kipimo kidogo kabisa cha data). Herufi ya kawaida hula biti 7, ndiyo maana zinaingia 160. Lakini ikipenya alama moja tu isiyo kwenye orodha ya herufi za kawaida, ujumbe wote hubadilishwa kuwa wa biti 16 kwa kila herufi, na nafasi zinabaki 70. Emoji moja inatosha. Herufi ŋ ya Kiganda inatosha. Mtego mbaya zaidi kwetu tunaoandika Kiswahili ni ritifaa: neno “ng’ombe” ukilinakili kutoka Word huja na ritifaa iliyopinda, ambayo haimo kwenye orodha, ilhali ile iliyonyooka ya kwenye kibodi ya simu imo.

Ujumbe ukizidi kipimo hukatwa vipande, na kila kipande hupoteza nafasi chache za kuviunganisha: zinabaki 153 kwa herufi za kawaida, 67 kwa zile nyingine. Basi tangazo la herufi 150 lenye ritifaa iliyopinda ni vipande 3. Wazazi wakiwa 400, shule inalipia meseji 1,200 badala ya 400, isipokuwa kama mfumo wa kutuma meseji unaisahihisha alama hiyo wenyewe. Kwenye Google Messages, programu ya meseji ya simu nyingi za Android, kuna swichi ya kutumia herufi rahisi, ndani ya mipangilio ya ziada. Iwasheni. Anayetuma kwa kompyuta aandike upya alama za nukuu, ritifaa na deshi ndefu kabla ya kubonyeza.

Kwa hiyo tarehe, kiasi na mahali vipelekwe kwa meseji. Maswali, picha na fomu vibaki WhatsApp, na kundi la matangazo lifungwe ili wasimamizi pekee waandike, la sivyo tangazo la karo litazikwa chini ya salamu za asubuhi na bahati nasibu za uongo.

WhatsApp yenyewe huingia nyumbani kwako kwa mlango wa meseji. Tarakimu sita za kufungulia akaunti (msimbo) mara nyingi huletwa kwa meseji ya kawaida, na matapeli huzifuata hizo hizo: “Samahani, nimekosea, nimetuma msimbo kwako, nirudishie.” Ukizitoa, akaunti imeondoka. Dawa ni kuingia Mipangilio ya WhatsApp, kisha Akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili, uweke PIN yako ya tarakimu sita pamoja na barua pepe. Msiiruke barua pepe. Mtu asiyeiweka akisahau PIN husubiri siku 7.

Kuna pia RCS, mfumo unaoipa meseji ya kawaida picha kubwa na alama ya kusomwa. Umo kwenye Google Messages, na iPhone iliupokea mwaka 2024 kupitia iOS 18, kampuni ya simu ikiwa inauruhusu. Unahitaji data, na una tatizo linalowasumbua wengi bila kulijua. Simu janja ikiharibika ukahamishia laini kwenye kitochi, namba yako inaweza kubaki imeandikishwa RCS, na ujumbe wa wenye simu janja ukaning’inia hewani. Zima RCS kwenye mipangilio ya Google Messages kabla ya kutoa laini. Simu ikiwa imekufa tayari, Google ina ukurasa wa kuiondoa namba: unaandika namba yako, unaletewa msimbo kwa meseji, unaujaza pale.

Fundi simu,
Kampala