Miaka saba ya ndoa bila cheti haimfikishi mtu kwenye uraia

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika majuzi kwamba ndoa imekuwa mlango wa nyuma wa kupatia uraia wa Kenya, akaitaka serikali iufunge. Mimi nina saiba, yaani duka la huduma za intaneti, hapa mtaa wa Umoja, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwajazia watu fomu za serikali, kuwaskania vyeti na kuwaeleza kwa nini ombi lao limerudishwa. Ndugu huyo angekaa na mimi Jumamosi moja tu, nadhani malalamiko yake yangekuwa mengine.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 15, inasema aliyekuwa katika ndoa na raia kwa muda usiopungua miaka saba anastahili kuandikishwa kuwa raia akiomba. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ikaongeza masharti: ndoa iwe ilifungwa kwa utaratibu unaotambuliwa na sheria za Kenya, hata kama ilifungiwa ng'ambo, isiwe ilifungwa kwa nia ya kujipatia nafasi ya uhamiaji au uraia, na wawili hao wawe wanaishi pamoja. Anayebainika baadaye kwamba alipata uraia wa kujiandikisha kwa udanganyifu anaweza kunyang'anywa. Tapeli gani atalala na kuamka na mtu asiyempenda miaka saba, akilipa kodi ya nyumba na kuhudhuria matanga ya wakwe, ili apate kitambulisho?

Anachosahau ndugu huyo ni kwamba kabla ya 2010 mlango huu ulikuwa wa wanaume peke yao. Mkenya mwanamume akioa mgeni, mkewe aliweza kuandikishwa kuwa raia. Mkenya mwanamke akiolewa na mgeni, mumewe hakuwa na haki hiyo. Akijifungua nje ya nchi, mtoto alifuata uraia wa baba. Katiba mpya iliyaondoa hayo yote, lakini habari hazijafika kila nyumba. Bado nawapata akina mama wanaonong'ona kwenye kaunta, wakiuliza watoto wao "watabadilishwaje" kuwa Wakenya kwa sababu baba yao ni Mganda. Hakuna cha kubadilisha, mama. Mzazi mmoja akiwa raia wa Kenya siku mtoto anapozaliwa, mtoto ni raia, awe amezaliwa Pumwani au Kampala.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua. Wanaokwama si matapeli. Ni watu waliooana kwa haki kabisa na hawana karatasi. Nairobi imejaa ndoa za namna hiyo: Mkenya na Mganda, Mkenya na Mtanzania, Mkenya na Mkongo. Posa imepelekwa, mahari yamelipwa, wazee wamekula na kubariki, watoto wako shule. Ukiwauliza cheti cha ndoa wanakuonyesha picha za sherehe.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano: za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na zikishasajiliwa zote zina hadhi moja. Waliooana kwa mila wanatakiwa wamwarifu Msajili wa Ndoa ndani ya miezi mitatu baada ya kukamilisha taratibu za kwao. Ni wangapi hapa mtaani wanaolijua hilo? Mzee anayepokea mbuzi na mablanketi haambii mtu neno kuhusu msajili. Siku ya kuomba uraia inapofika, ndoa ya miaka kumi na tano inaonekana kwenye faili kama haijawahi kuwepo.

Halafu kuna dawa inayozidisha ugonjwa. Mtu akishaambiwa hana cheti, anakimbilia harusi ya halaiki kanisani au kwa msajili wa serikali, anafunga ndoa upya, anarudi kwangu na cheti kinachong'aa. Nikisoma tarehe, ni ya mwezi uliopita. Kwenye karatasi yeye ni bwana harusi mpya, na miaka saba inaanza hapo. Aliyehitaji kusajili ndoa yake ya kimila, pamoja na ushahidi wa lini ilikamilika, amejifutia miaka yake mwenyewe kwa kutojua. Wachungaji wetu, kwa nia njema kabisa, wanawahimiza wafanye hivyohivyo.

Wanaoishi kwa mtindo wa kamwistei, yaani kukaa pamoja bila kufunga ndoa yoyote, wana hali ngumu zaidi. Zamani wengi walijifariji kwamba wakikaa pamoja muda mrefu mahakama itawachukulia kuwa mume na mke. Januari 2023 Mahakama ya Upeo ilieleza kwamba dhana hiyo ya ndoa ni ya nadra, ikaweka masharti makali ya kuithibitisha. Kama kesi ya kugawana shamba inataka ushahidi wa kiwango hicho, sioni namna ya kutegemea kukaa pamoja kwenye ombi la uraia, ambalo linadai ndoa iliyofungwa.

Lipo na lingine ambalo watu hawapendi kulisema hadharani. Sharti la kuishi pamoja lina maana yake, lakini linampa Mkenya rungu. Nimeona mwanamke akijaza fomu huku mumewe amesimama nyuma yake anacheka: "Ukinikasirisha sipeleki kitambulisho changu." Utani, labda. Ila anayebaki miaka sita na kufukuzwa mwaka wa saba hana dai la ndoa tena, na wote wawili wanajua. Mjane, angalau, sheria imemfikiria: mwenzake akifariki kabla ya muda kutimia, hafungiwi njia. Anayepigwa hadi akatoroka sijaona alipotajwa. Wabunge wetu, hasa akina mama, wangeanzia hapo badala ya kulia kwamba wageni ni wengi.

Na kwa wale wenye haraka, msisahau ukaazi wa kudumu, ambao mume au mke wa Mkenya anaweza kuuomba baada ya miaka mitatu ya ndoa. Kwa Mtanzania huenda ndio unaomfaa zaidi. Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili, Tanzania haimruhusu mtu mzima. Anayechukua uraia wa Kenya akifikiri atabaki na ule wa kwao atakuta amekuwa mgeni Tanga alikozaliwa, na shamba la babake litamletea maneno. Nawaambia waulize nyumbani kwanza, wengine wanadhani nawanyima huduma.

Ombi langu ni hili. Taarifa za ndoa za kimila zipokelewe katika ofisi za machifu, ambako watu tayari wanafika kutafuta barua za kila aina, kisha chifu azipeleke kwa msajili. Chifu anawajua wazee walioshuhudia na anaweza kuwaita wangali hai. Kwa ndoa za zamani, msajili atenge siku za kuja mitaani, Kayole, Kawangware, Majengo, awasikilize mashahidi na kuandika tarehe halisi ya ndoa. Na idara inayopokea maombi ya uraia iwe inaeleza kwa maandishi, kwa Kiswahili, ni karatasi gani imepungua. Ujumbe unaosema tu kwamba ombi halijakamilika unawarudisha watu kwangu, wananilipa tena kwa kazi ileile, na mimi sina la kuwaambia ila kubahatisha.

Msomaji wenu akitaka kuwa na uhakika kwamba hakuna anayepita kwa ujanja, rekodi nzuri za ndoa zitamsaidia yeye pia.

Mwenye saiba,
Umoja, Nairobi