Tairi mpya au ya mtumba? Piga hesabu ya milimita kabla mvua haijakukuta njiani

Vuli ikianza tu, mwezi wa kumi hivi, dukani kwetu hapa Nyakato, Mwanza, swali ni lile lile, "bosi nipe tairi isiyoteleza ila bei iwe ya kawaida." Swali zuri na jibu lake lipo, shida watu wanaangalia jina la kampuni na bei basi, kina cha mifereji hakuna anayekiinamia, wakati ukifika kwenye maji hicho kina na ule mpira wenyewe ndo vinavyokushikilia barabarani.

Tairi mpya ya gari ndogo inatoka kiwandani na mifereji ya milimita 8 hivi. Kazi yake ni kutoa maji. Ukikanyaga dimbwi, maji yanatakiwa yapite kwenye ile mifereji ili mpira uguse lami, yasipopata pa kupita yanajikusanya mbele ya tairi, yanaingia chini yake, gari inaelea, usukani unakuwa mwepesi ghafla na ukikanyaga breki hupati kitu. Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo, ubavuni juu yake utaona herufi TWI au kialama cha pembetatu kinachokuonyesha vilipo. Vina urefu wa milimita 1.6, na mpira ukishuka ukalingana navyo tairi hiyo imekwisha, nchi nyingi hapo ndo mwisho wa kisheria. Lakini kwenye lami iliyolowa uwezo wa kusimama unaanza kupungua kabla hujafika hapo, ndo maana sisi tunamwambia mteja akigusa milimita 3 aanze kutafuta hela.

Sasa hesabu. Kama kwa mvua tunaishia 3, tairi mpya inakupa milimita 5 za kutumia. Chukua mtumba ambao kwa macho unasema huu bado mzima kabisa, ukipima una 4 na nusu, maana yake unanunua milimita 1 na nusu. Tuseme mpya ni laki na nusu na mtumba elfu sitini (bei zinapanda na kushuka, nachukua za mfano tu), kwenye mpya kila milimita umeilipia elfu 30, kwenye mtumba elfu 40. Yani uliyekimbia bei ndo umelipa zaidi, alafu bado utarudi mapema kufungua na kufunga na kupiga balansi upya. Mtumba unalipa ukiupata na milimita 6 kwa hiyo elfu sitini, hapo unapata milimita 3 za kutumia, kila moja elfu 20, na hata mimi ningechukua, na inatokea, hatukatai, wenyewe tunauza mtumba. Ila pima kwanza. Kipimo kipo hapa mezani, mteja anapima mwenyewe, na sio mfereji wa katikati peke yake, pima na pembeni maana gari ambayo alaimenti imekufa inakula upande mmoja.

Ukishapima geuza ubavu utafute neno DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala stoo, unakauka, na mpira mkavu haushiki lami yenye maji hata meno yawe marefu kiasi gani. Baadhi ya watengenezaji wa magari wanasema kuanzia miaka 6 tairi ianze kukaguliwa na fundi. Na ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, hiyo ilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, usiulize hata bei.

Kuna mtego mwingine ambao milimita hazikusaidii, na huu unawapata sana wenye gari zilizoshuka juzi kutoka Japani. Gari inakuja imevaa tairi zenye meno marefu, mazuri, yamejaa vikato vyembamba vya zigizaga, mwenye gari anafurahi kwamba tairi kapata bure. Soma ubavuni, ukiona STUDLESS, au majina kama Blizzak ya Bridgestone na iceGUARD ya Yokohama, ujue hizo ni tairi za theluji. Kwa kazi yake ni tairi nzuri sana, mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi ya kuganda, sasa we unaileta kwenye lami ya Mwanza jua la saa nane, inakuwa laini kupita kiasi, inaisha haraka, na mvua ikinyesha gari inachelewa kusimama kuliko ingevaa tairi ya kawaida. Wateja wengine wananuna tukiwaambia hivi, anaona kama tunataka kumuuzia. Basi vaa, ila nenda pole pole na usiingie nazo barabara ya Musoma usiku wa mvua.

Kwa tairi mpya kuna maandishi ya kukusaidia kuchagua na hayahitaji fundi. Tairi nyingi, hata za Kichina, zina neno TRACTION na herufi yake: AA, A, B au C. Hiyo inapimwa kwa kufunga breki kwenye lami na zege vilivyolowa, kwa kwenda mbele moja kwa moja, kona haimo humo. AA ndo ya juu. A inatosha kabisa kwa gari ya familia, C mimi siwezi kumfungia mtu ninayemjua. Pembeni yake kuna TREADWEAR na namba, 300, 400, 500, namba ikiwa kubwa ndo inadumu zaidi, ila hiyo kiwanda kinajipimia chenyewe kwahiyo usiitumie kulinganisha kampuni na kampuni kama vile ni mizani ya serikali. Kaka zetu wa teksi wanakimbilia namba kubwa tu, tunawaelewa, ila namba kubwa yenye TRACTION B mji huu wa milima mmh. Zile za soko la Ulaya zinakuja na stika yenye picha ya wingu la mvua na herufi A mpaka E, A ndo inasimama mapema kwenye maji. Usikubali stika ibanduliwe kabla hujaisoma.

Tena nasema mji wa milima kwa sababu maji ya huku hayatulii. Ikipiga kubwa, kutoka Bugando na ile miinuko ya Mabatini yanashuka na mchanga na changarawe mpaka katikati ya lami, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndo mbaya kuliko zote, vumbi na oili za miezi zinachanganyika na maji barabara inakuwa sabuni. Alafu tangu Daraja la JPM pale Kigongo Busisi lifunguliwe Juni 2025 watu wa Sengerema na Geita hawakai foleni ya kivuko tena, jambo jema, ila sasa safari ni ya spidi mwanzo mwisho.

Spidi inanileta kwenye upepo. Kuna imani hapa mjini kwamba kipindi cha mvua upunguze upepo ili tairi ishike. Kwenye mchanga wa ufukweni au tope la shamba sawa, ila kwenye lami yenye maji ni kinyume, tairi yenye upepo mdogo inalala, inashindwa kuyakata maji, inaelea mapema. Watu wa NASA walilipima hili miaka ya 1960 kwa matairi ya ndege, na ukichukua kanuni yao kwa tairi kipara kwenye maji mengi, upepo wa 30 (PSI) inaanza kuelea kwenye kilomita 91 kwa saa hivi, upepo wa 20 inaelea kwenye 75 hivi. Gari yako si ndege lakini mwelekeo ni huo huo. Namba sahihi ya upepo iko kwenye karatasi iliyobandikwa ukifungua mlango wa dereva, pima asubuhi tairi zikiwa za baridi. Kujaza hapa ni bure hata kama hukununua kwetu.

Tunakobishana sana na wateja ni huku: anakuja mtu wa IST au Premio na hela ya tairi mbili, anataka zifungwe mbele kwa sababu injini inavuta mbele. Sisi tunafunga nyuma. Mbele ikiteleza unasikia kwenye usukani, gari inagoma kukata kona, ukiachia mafuta inarudi. Nyuma ikiteleza hakuna dalili, gari inazunguka yenyewe na ushachelewa, madereva wachache sana wanaoweza kuirudisha. Kwahiyo mpya nyuma, zile zenye nafuu zinahamia mbele, na zilizofika kwenye vituta zinatoka kabisa.

Ukitaka tukuandalie kabla hujafika, tuma picha ya ubavu, usiandike "tairi za Noah" tu maana kuna Noah za 15 na za 16. Tunataka kuona kitu kama 195/65R15 91H. Hiyo 91 maana yake tairi moja inabeba kilo 615, H ni spidi mpaka 210, na kama gari yako ni ya abiria au inabeba samaki toka mwaloni usishuke chini ya namba ya mzigo iliyokuja nayo hata kama kuna ya bei rahisi. Tairi zako za zamani unaondoka nazo ukitaka, ukituachia zilizokwisha tunazitoboa ubavuni papo hapo mbele yako, maana kuna watu wanazichonga mifereji upya kwa moto na kuzirudisha sokoni, na hizo hatuzinunui wala hatuzifungi.