Ukuta wa ngome si pambo la ramani

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi waongozaji wa michezo ya kuigiza ya mezani, ambamo wachezaji huigiza wahusika na dadu huamua matokeo, wauheshimu ukuta wa ngome. Katika kanuni za mchezo wa Dungeons & Dragons za mwaka 2014, ukuta mfupi humwongezea aliyejikinga nyuma yake alama 2 za kinga, yaani kiwango ambacho dadu ya adui sharti ikifikie ili kumpiga, ilhali mwanya wa kurushia mishale humpa 5; nami naona ni haki, kwa kuwa mwanya huo ni mwembamba kwa nje na hupanuka kwa ndani, hata mpiga upinde akaweza kulenga huku na huku, naye adui aliye chini haoni ila ufa. Aliyefichwa mwili mzima na jiwe halengwi moja kwa moja kabisa. Inaniuma kumwona mzingiraji akirusha dadu kana kwamba anapigana na watu walio uwanjani, pasipo ukuta.

Msomaji wako